Pima presha ya mgonjwa wa kisukari akiwa amesimama

Mhariri,

Kurasa za afya za magazeti yetu zikizungumzia kisukari hutaja macho, figo na kidonda cha mguu. Ni sawa. Lakini yapo madhara mengine ambayo mgonjwa huja nayo kliniki na kuondoka nayo, kwa kuwa yamejificha ndani ya malalamiko ya kila siku: kizunguzungu akiinuka kitandani, kushiba kwa matonge mawili, kukosa choo wiki hii na kuharisha usiku wiki ijayo, sukari inayopanda na kushuka bila sababu inayoeleweka. Haya ni madhara ya mishipa ya fahamu inayojiendesha yenyewe, ile inayosimamia moyo, mishipa ya damu, tumbo, kibofu, tezi za jasho na mboni ya jicho bila mtu kuiamrisha. Tunaomba nafasi tueleze namna ya kuyatafuta kwa vifaa ambavyo hata zahanati inavyo, na kwa nini kumwambia mgonjwa "shusha sukari" tu hakutoshi pale mishipa hiyo ikishaguswa.

Tuanze na presha, maana ndicho kipimo rahisi kuliko vyote na ndicho kinachorukwa. Mgonjwa alale chali kwa dakika tano, bila maongezi. Pima presha, hesabu na mapigo ya moyo, andika. Asimame, mkanda ukiwa bado mkononi. Pima tena dakika ya kwanza na dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika hizo tatu, presha yake inaanguka akisimama. Makosa yanayoharibu kipimo ni madogo madogo. La kwanza ni kuacha mkono ukining'inia. Mkono ulio chini ya usawa wa moyo husoma presha kubwa kuliko ilivyo, na anguko linafichika. Ushikiliwe usawa wa kifua. La pili ni kumwinua kutoka kwenye benchi badala ya kitanda; aliyekuwa ameketi, damu yake imekwishateremka miguuni kiasi, kwa hiyo tofauti inayoonekana huwa ndogo. La tatu ni kuishia dakika ya kwanza.

Mapigo ya moyo tumeyataja kwa makusudi. Mtu aliyepungukiwa maji, anayevuja damu au mwenye homa, presha yake ikishuka moyo hukimbia kuifidia. Mishipa ya fahamu ikiwa imeharibika, presha inaanguka na moyo haushtuki. Chukua ongezeko la mapigo, gawanya kwa namba ambayo presha ya juu imeshuka. Jibu likiwa chini ya 0.5, shuku mishipa ya fahamu. Kwa mfano, akiwa amelala presha ya juu ni 140 na mapigo 84. Akisimama presha ni 110 na mapigo 90. Sita kwa thelathini ni 0.2. Huyo hahitaji dripu.

Hapa ndipo dawa za presha zinapoleta balaa. Mgonjwa wa namna hii mara nyingi presha yake iko juu akiwa amelala na iko chini akiwa amesimama. Akipimwa ameketi anaonekana hajadhibitiwa, anaongezewa kidonge, na asubuhi yake anaanguka akienda chooni. Kabla ya kuongeza dawa kwa mwenye kisukari cha miaka mingi, msimamishe kwanza.

Mahali penye mashine ya ECG, ile inayochora mapigo ya moyo, panaweza kufanyika zaidi. Mgonjwa avute pumzi kwa sekunde tano na kuitoa kwa sekunde tano, mara sita katika dakika moja, huku mashine ikiandika. Tafuta mapigo ya kasi zaidi wakati wa kuvuta na ya polepole zaidi wakati wa kutoa. Tofauti ya mapigo 15 na kuendelea kwa dakika ni nzuri, 10 kushuka chini ni mbaya, katikati ni shaka. Tofauti hii hupungua kwa umri, kwa hiyo mzee wa miaka 75 asihukumiwe kwa namba za kijana. Kipimo hiki ni kimoja kati ya vile ambavyo Ewing na Clarke wa Edinburgh, Uskochi, walivikusanya na kuvieneza miaka ya 1970 na 1980. Kingine katika kundi hilo, cha kupuliza na kushikilia mgandamizo wa milimita 40 za zebaki kwa sekunde 15, asipewe mtu mwenye mishipa mipya ya damu kwenye jicho, kwa sababu inaweza kupasuka.

Hata bila mashine, mapigo yanayozidi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia, hana homa, hana upungufu wa damu wala tatizo la tezi ya shingo, ni dalili. Neva ndefu inayotoka kwenye ubongo kwenda kifuani na tumboni, ambayo kazi yake moja ni kuupoza moyo, huwa miongoni mwa zinazoathirika mapema. Breki ikilegea, moyo unakwenda mbio wakati wote. Na moyo huo huo unaweza kukosa damu bila kifua kuuma. Mwenye kisukari cha siku nyingi akichoka ghafla, akihema au kutapika bila sababu, afanyiwe ECG hata kama anasema kifua hakimuumi.

Sasa sukari yenyewe. Kwa kisukari cha aina ya kwanza ushahidi ni mzito. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada uliwafuata watu 1,441 kuanzia 1983 hadi 1993. Kundi lililodhibitiwa kwa nguvu lilikuwa na HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu) ya karibu asilimia 7, jingine karibu 9. Waliodhibitiwa walipata madhara ya mishipa ya fahamu kidogo zaidi, pamoja na ile ya moyo, na ufuatiliaji ulioanza 1994 ulionyesha kwamba faida hiyo ilibaki miaka mingi hata baada ya sukari za makundi yote mawili kukaribiana. Maana yake kwa mzazi wa mtoto mwenye kisukari ni kwamba miaka ya mwanzo haina mbadala. Ila tusifiche upande wa pili: kundi hilohilo lilishuka sukari vibaya karibu mara tatu ya wenzao.

Kwa aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa wetu wengi, sukari peke yake haifanyi kazi kubwa hivyo. Utafiti wa Steno-2 wa Denmark, wa watu 160, ulishughulikia sukari, presha, mafuta ya damu, sigara na mazoezi kwa pamoja, na uharibifu wa mishipa inayojiendesha ulikwenda polepole zaidi kwa kundi lililotibiwa hivyo. Marekani, utafiti wa ACCORD wenye watu 10,251 ulijaribu kuivuta HbA1c chini ya asilimia 6. Mwaka 2008 sehemu hiyo ilisimamishwa kwa sababu waliovutwa chini walikufa wengi zaidi. Waliokuwa na mishipa ya fahamu ya moyo iliyoharibika tangu mwanzo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa, wawe kundi hili au lile. Kwa hiyo namba ya kulenga inategemea mtu, na kumlazimisha kila mtu asilimia 6 ni ukaidi.

Kuna jambo ambalo hata watumishi wa afya wengi hulisikia kwa mshangao: kushusha sukari haraka kunaweza kuleta maumivu ya mishipa ya fahamu. Caravati aliandika habari zake mwaka 1933, insulini ikiwa bado mpya. Mtu amekaa na HbA1c ya 13 kwa miaka, anaanzishiwa insulini kwa bidii, miezi mitatu baadaye ni 8. Kila mtu anampongeza, naye hawezi kuvumilia shuka kugusa miguu, anapata kizunguzungu akisimama, tumbo halifanyi kazi. Hatari inaanza HbA1c inaposhuka zaidi ya asilimia 2 kamili ndani ya miezi mitatu, na huongezeka kadiri anguko linavyokuwa kubwa. Macho pia yanaweza kuharibika zaidi kwa kasi hiyo, basi yapimwe kabla. Mgonjwa wa hivyo hufikiri insulini inamdhuru na kuitupa, na hapo ndipo anapoharibikiwa kweli. Aendelee nayo, atibiwe maumivu, aambiwe kwamba kwa kawaida hali hupoa polepole kwa miezi, pengine mwaka au zaidi. Anayeanza dawa bila dharura apandishiwe dozi taratibu. Hatusemi haya kwa mtu anayetapika, anayehema kwa nguvu na mwenye ketoni kwenye mkojo. Huyo ni wa hospitali leo hii.

Kabla ya kuiamini HbA1c, angalia damu yenyewe. Upungufu wa damu unaotokana na seli nyekundu kufa mapema, kama wa malaria au selimundu, huishusha namba ikaonekana nzuri. Upungufu wa madini ya chuma huweza kuipandisha. Mwenye kubeba nusu ya selimundu, yaani aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu, nao ni wengi Pwani na Kanda ya Ziwa, baadhi ya mashine humpa jibu lisilo sahihi. Jibu lisipolingana na vipimo vya kidoleni, amini vya kidoleni.

Tumbo linastahili nafasi yake. Neva zake zikilegea, chakula hukaa humo kwa saa nyingi. Mgonjwa anachoma insulini angavu ya muda mfupi nusu saa kabla ya kula, kama alivyofundishwa. Insulini inafika kwenye damu, ugali haujafika. Saa moja au mbili baada ya kula sukari inashuka. Saa ya nne au ya tano, insulini imekwisha, chakula ndiyo kinaingia, sukari inaruka hadi 16 (mmol/L). Kisha anasemwa kwamba anakula kwa kuiba! Amwombe daktari waiangalie saa ya sindano: wengine hufaa kuchoma katikati ya mlo au mara baada ya kula, na kupima saa ya pili na saa ya nne ili waone chakula kinaingia lini. Kumbuka pia kwamba sukari ikiwa juu sana yenyewe hulichelewesha tumbo, na dawa mpya za sindano za kupunguza uzito zinafanya hivyohivyo.

Ushauri wa lishe nao hugeuka kichwa chini. Tumezoea kumwambia kila mwenye kisukari ale dona, maharage na mboga za majani kwa wingi. Kwa tumbo lililolegea nyuzinyuzi hizo hukaa, huvimbisha, na huweza kugandana zikawa bonge. Mafuta nayo huchelewesha zaidi. Huyu anahitaji milo midogo minne hadi sita: uji laini, viazi vilivyopondwa, supu iliyochujwa, samaki wa kuchemsha asiye na mafuta, wali uliolainika kwa kiasi kilichopimwa. Makande, kisamvu, machungwa na nyama zake, na vya kukaanga viwekwe kando. Akimaliza akae wima au atembee polepole saa moja au mbili, asilale. Metoklopramidi, dawa ya kulisukuma tumbo, husaidia baadhi, lakini isizidi wiki 12, kwa sababu inaweza kuacha midomo na ulimi vikichezacheza bila hiari, na wakati mwingine haiponi.

Kushuka sukari bila kuhisi ndiko kunakotutisha kuliko yote. Kutetemeka, moyo kudunda na jasho jembamba ni kengele za adrenalini. Neva zikiharibika kengele hazilii, na mtu anapita kutoka 4 hadi kuchanganyikiwa bila onyo. Lakini si wote walioharibika neva. Sukari ikishuka mara kwa mara mwili huizoea na kunyamaza. Hao wa pili wana nafuu: wakizuia kabisa kushuka kwa wiki kadhaa, kwa wengi kengele hurudi kiasi. Ndiyo maana mtu asiyehisi tunamwekea lengo la HbA1c chini ya 8 badala ya chini ya 7, na tunamtaka apime kabla ya kulala. Dereva wa boda, daladala au lori apime kabla ya kuwasha chombo. Isipofika 5, ale kwanza asubiri. Mwenye hali hii anahesabiwa katika hatari kubwa akifunga Ramadhani, na azungumze na daktari wake wiki nyingi kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kwanza.

Ikishuka chini ya 3.9: vijiko vinne vya chai vya sukari, vilivyo sawa na ukingo, kwenye maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari (soda ya "zero" haina msaada). Subiri dakika 15, pima, rudia ikibidi, kisha ale. Biskuti na chapati ni kosa, zaidi kwa mwenye tumbo lililolegea, maana hazitoki huko kwa wakati. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali.

Dawa zenyewe zichunguzwe. Glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, hukaa mwilini muda mrefu, na orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema haifai kwa waliozidi miaka 60. Gliklazidi ni afadhali. Propranololi hufunika kutetemeka na moyo kudunda, ingawa jasho hubaki. Prazosini, tamsulosini na dawa za kukojoza huangusha presha ya kusimama. Kinachotusikitisha zaidi ni amitriptilini, inayotolewa kwa miguu inayowaka moto. Inasaidia miguu, kweli, lakini inaangusha presha, inafunga choo, inazuia mkojo na inaongeza mapigo. Ukimpa mtu ambaye mishipa yake inayojiendesha imeharibika umemwongezea kila tatizo alilokuwa nalo. Duloksetini, gabapentini au pregabalini zifikiriwe kwanza pale zinapopatikana, dozi ikianza ndogo. Na anayetumia metformini kwa miaka apimwe vitamini B12, kwa kuwa upungufu wake huleta ganzi ileile inayotupiwa sukari.

Ambaye presha inaanguka, matibabu huanza bila kidonge. Anywe maji nusu lita ndani ya dakika chache kabla ya kushuka kitandani, isipokuwa kama moyo au figo zake zina mipaka ya maji. Akae ukingoni, akunje na kukunjua vifundo vya miguu, ndipo asimame, akiwa ameshika kitu. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iinuliwe sentimita 10 hadi 20 kwa matofali. Kurundika mito hakutoshi, kunapinda shingo tu. Kizunguzungu kikija amesimama, apishanishe miguu na kukaza mapaja. Sahani kubwa ya wali nayo huteremsha presha baada ya mlo. Dawa za kupandisha presha, fludrokotisoni na midodrini, zipo, ila hupandisha presha ya kulala, hivyo ni za kusimamiwa.

Kibofu kisichohisi kujaa kiendeshwe kwa saa: kukojoa kila saa tatu au nne, kusubiri kidogo, kisha kujaribu tena. Mkojo unaobaki ndio unaoleta maambukizi yanayojirudia. Nguvu za kiume zikipungua, mwanamume aseme; inaweza kuwa ishara ya mapema, na vidonge vya dukani havichanganywi kamwe na dawa za nitreti za moyo. Miguu isiyotoa jasho hukauka na kupasuka, ipakwe mafuta lakini si katikati ya vidole. Na kabla ya upasuaji wowote, mtaalamu wa usingizi aambiwe: presha inaweza kuporomoka mezani, na tumbo linaweza kuwa na chakula cha jana hata kama mgonjwa amefunga tangu usiku.

Mwenye aina ya pili apimwe kusimama siku anapogunduliwa, kwa sababu ugonjwa umekuwepo kabla ya jina. Mwenye aina ya kwanza, baada ya miaka mitano. Kisha kila mwaka. Kadi au daftari la kliniki likiwa na nafasi ya presha moja tu, muuguzi achore mstari wa pili chini yake na kuandika: kulala, dakika 1, dakika 3, na mapigo kando ya kila namba. Kliniki yenye foleni ndefu iweke kitanda kimoja nyuma ya pazia, mgonjwa anayefuata alale humo wakati wa mbele yake akihudumiwa. Dakika zake tano za kupumzika zitakuwa zimekwisha kabla hajaitwa.

Wauguzi na tabibu wa kliniki ya kisukari,
Tanga